Kati ya 48 na 52

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Nianze na fomu moja fupi ya kupima ustawi wa akili, WHO-5, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998. Ina sentensi tano tu, na zote zinahusu wiki mbili zilizopita: kwamba nimekuwa mchangamfu, nimekuwa mtulivu, nimekuwa na nguvu, nimeamka nikiwa nimepumzika, siku zangu zimejaa mambo yanayonivutia. Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumla huzidishwa kwa 4, hivyo aliye juu kabisa hupata 100.

Mmeona kwamba huzuni haikutajwa popote? Ndiyo sababu naipenda fomu hii. Mtu anayeona aibu kusema ana sonona huweza kukiri, bila kujilazimisha, kwamba haamki akiwa amepumzika.

Kwa kawaida, mwenye alama 50 au chini yake hufanyiwa uchunguzi zaidi wa sonona. Tupige hesabu. Aliyejumlisha 12 anapata 48, aliyejumlisha 13 anapata 52. Kisanduku kimoja kimewatenganisha: mmoja anaitwa ndani, mwingine anaambiwa aende nyumbani. Na kisanduku hicho kimetiwa alama na binadamu, pengine ana haraka, pengine ndugu yake amesimama karibu anachungulia karatasi.

Hebu fikirini kazi tunayompa. Aielewe sentensi, azikumbuke siku 14, azigeuze kuwa tarakimu moja, kisha aamue kama atatuambia ukweli. Sisi hupokea tarakimu tu.

Hata mpangilio wa maswali una nguvu zake. Mwaka 1988 watafiti wa saikolojia Strack, Martin na Schwarz waliwauliza wanafunzi maswali mawili: una furaha kiasi gani maishani, na unatoka na mpenzi mara ngapi. Swali la furaha lilipotangulia, majibu hayakuhusiana kwa kiasi cha maana. La mapenzi lilipotangulia, uhusiano ulipanda hadi 0.66, ambapo 1 ni uhusiano kamili. Tafiti za baadaye hazikupata tofauti kubwa hivyo kila mara, lakini mimi sikuweza tena kupanga maswali kiholela.

Nikieleza mashaka haya, wengine hunijibu kwa alfa ya Cronbach, tarakimu ya takwimu inayotumika kukagua fomu: iko juu, basi kipimo ni kizuri. Alfa huonyesha tu kwamba majibu yanakwenda pamoja. Mtu akijisifu katika maswali yote matano, majibu yake yatakwenda pamoja vizuri sana, na bado hatujajua hali yake.

Tafsiri nayo ina mitego. Tunatafsiri, mwingine anarudisha kwenye lugha ya awali, maneno yakilingana tunaridhika. Lakini “nimetulia” kwa mmoja ni amani ya moyo. Kwa mwingine ni kukaa kimya kwa sababu hana tena nguvu ya kusema. Huyo wa pili atajipa 5. Tafsiri iliyorudishwa haiwezi kumnasa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokusanya data: kabla ya kugawa mamia ya fomu, kaeni na watu wachache, mmoja mmoja, faraghani. Wekeni kidole kwenye jibu na muulize, “Ulipotia alama hapa, ulikuwa unafikiria nini?” Kisha nyamazeni, msimsaidie kujibu. Andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, na sentensi iliyoeleweka vingine irudi mezani kabla fomu haijachapishwa.