Jinsi ya Kupima Muda wa Kazi kwa Toggl Track

Karibuni. Leo tunatumia Toggl Track, programu ya kurekodi muda unaotumia kwa kila kazi. Kama wewe una Clockify, programu nyingine ya aina hiyo, usiondoke: vitufe vinatofautiana kidogo tu, na zote mbili zina kifurushi cha bure.

Fungua akaunti, ingia. Hapo hakuna la kuelezana.

Sasa nenda kwenye miradi, kwenye menyu ya kushoto. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Mtu anaunda miradi ishirini yenye rangi ishirini, simu ya mteja ikiingia hajui aiweke wapi, mwisho anaachana na programu yenyewe. Anza na mitano: kazi kuu, vikao, barua pepe, kusaidia wenzangu, mapumziko. Ndiyo, mapumziko pia, la sivyo ripoti itajaa mapengo usiyoyakumbuka.

Rudi kwenye kipima muda. Kwenye nafasi ya maelezo usiandike "ripoti" peke yake; andika "kusahihisha jedwali la mauzo", kisha ongeza makadirio yako, tuseme "dk 40". Chagua mradi, bonyeza kitufe cha kuanza. Bonyeza kabla hujaigusa kazi.

Mwenzako akija na swali la nusu dakika, acha saa itembee. Maongezi yakirefuka, simamisha, anzisha rekodi mpya chini ya "kusaidia wenzangu". Ukisahau, na utasahau, bonyeza rekodi husika urekebishe saa ya kuanza na ya kumaliza. Programu ya kwenye kompyuta inaweza pia kutambua kwamba umeondoka mezani, ikakuuliza zile dakika zibaki au zifutwe. Washa kipengele hicho kwenye mipangilio.

Angalizo: kama akaunti ni ya ofisi, msimamizi anaweza kusoma ulichoandika. Mambo yako binafsi yaache nje.

Wiki ikiisha, fungua ripoti. Usivutiwe na jumla ya saa. Mtu anaweza kukaa saa kumi na asimalize kitu. Fungua orodha ya kina, linganisha makadirio na muda uliotumika. Kama "dk 40" kila mara zinageuka saa moja na nusu, kazi ya aina hiyo ipangie saa moja na nusu, na mkuu wako mwambie mapema. Halafu tazama kazi kuu: ikiwa imekatwakatwa vipande vya dakika kumi, na kati yake ni barua pepe tu, zitengee barua pepe nyakati mbili kwa siku. Wiki ijayo fungua ripoti ileile uone kama vipande vimerefuka.