Herufi za kuazima: mazungumzo na wachoraji vijana, Mji wa Kale, Mombasa

Asalaam aleikum. Na wengine, hamjambo.

Nimeambiwa nizungumze juu ya maisha ya ubunifu. Neno zito hilo. Mimi nachora herufi. Mtu ana duka, ana harusi, ana tuktuk, anataka jina likae likapendeza, ananipigia simu. Sina tajiri, sina ofisi. Nina meza kando ya dirisha, brashi zangu, na kompyuta ambayo bado naidaiwa.

Mnaniuliza sana msukumo naupata wapi. Naupata kwa bibi yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akinichukua Biashara Street kununua leso. Bibi alisoma chuo cha Kurani. Herufi za Kiarabu alikuwa akizisoma kama maji, lakini hizi za kizungu zilimpiga chenga. Kwa hiyo kazi yangu, mtoto wa miaka minane, ilikuwa kumsomea majina ya leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Leso inatandikwa juu ya meza, nami nainama pale chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya leso, juu ya pindo, nasoma kwa sauti mbele ya duka zima. Bibi anasikiliza, anafikiri, halafu: “La, hiyo nikiivaa jirani atadhani namsema yeye. Lete nyingine.” (Kicheko.) Kabla sijajua kwamba herufi ni mchoro, nilikwisha jua kwamba zinaweza kuvunja ujirani.

Bibi huyo huyo alikuwa na daftari la madeni, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Siku moja nikamwomba anifunze kulisoma. Nikakuta “biba la mafuta”. Nikamwambia, bibi, umekosea, ni pipa. Akanitazama kama mjinga. Kiarabu hakina P, mwanangu. Unaandika B, na mwenye lugha atajua. Tena irabu za Kiarabu zina alama tatu, sisi tuna irabu tano. “Kuku” na “koko” zikaandikwa sura moja. Ukitaka kusoma, ni lazima uwe unaijua lugha tayari.

Watu wa mji huu hawakukaa na tatizo hilo wakilitazama tu. Muyaka bin Haji, malenga wetu aliyefariki mwaka 1840, mashairi yake yalikuja kukusanywa baadaye katika karne hiyo ya 19, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo pamoja na Mwingereza W. E. Taylor alikuwa Mwalimu Sikujua. Mwalimu huyo alizitia zile herufi za Kiarabu alama za ziada ili sauti za Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, ziandikike, hata ile T ya “mato”, yaani macho, itofautiane na T ya kawaida. Nikiulizwa ni nani mchora herufi ninayemhusudu, humtaja yeye, ingawa sidhani kama angelikubali cheo hicho. Aliazima nguo ya mtu, akaishona upya ikamkaa.

Sasa njooni kwa hizi tunazotumia leo. Nazo za kuazima. Hatuna kazi na Q wala X, lakini A! Tunaila A kama wali. Na mbele ya hiyo A tunaweka nini? Wa, ta, ya, va. Watu, watoto wataondoka, ya mama. Andikeni kwa herufi kubwa, WATAYAVAA, mtazame. (Hapa niliandika ubaoni.) W imelala upande, A imelala upande, kati yao pana shimo. T ina mkono juu na chini hana kitu. A ina miguu chini na juu hana kitu. Ukipanga herufi hizi kwa rula, kila moja umbali sawa na mwenzake, neno linatoka na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mwingereza naye hukutana na shida hii, lakini kwake ni ya hapa na pale. Kwetu ni kila mstari.

Aliyenionyesha hili ni fundi mmoja wa vibao, mzee, aliyekuwa akiandika mikokoteni na milango ya maduka. Alikuwa na uzi uliopakwa chaki: anaubana huku na huku, anauvuta, anauachia, tap! mstari umenyooka ukutani. Hiyo ndiyo rula yake peke yake. Mengine alisema, “Sipime kwa rula, pima kwa mato.” Akisha chora kwa chaki, anarudi nyuma hatua kumi hivi, anafumba jicho nusu, anarudi kuisukuma A mpaka iingie chini ya mkono wa T. O naye alikuwa akiipitisha mstari kidogo, juu na chini. Nikamwambia imetoka nje. Akaifuta, akaichora sawasawa na mstari, akaniita nitazame kwa mbali. Kweli, ilionekana imesinyaa.

Katika ukingo wa leso nyingi za mji huu mtasoma alama ya mwenye kuzitoa, MALI YA ABDULLA. Siku mkiwa na nafasi, itazameni ile YA na A inayofuata. A mbili zinapeana mgongo na nafasi ya neno iko katikati. Juu panafunguka uwanja wa mpira. Nimeyachora maneno hayo mara nyingi kwa mazoezi tu, na kila mara nalipunguza lile pengo.

Hasara je? Zipo. Mwaka wangu wa kwanza nilichora jina la mkahawa, nikapeleka faili kwa mchapishaji bila kuzigeuza herufi kuwa michoro. Kompyuta yao haikuwa na fonti ile, ikaweka yake iliyoipenda. Bango la mita nne likapanda juu na herufi za kadi ya hospitali. Kosa lilikuwa langu, na pesa zilitoka mfukoni mwangu. Tangu hapo nachukua nusu mbele, kwa M-Pesa, kabla penseli haijagusa karatasi. Jamaa nao wanalipa. Shangazi analipa. (Kicheko.) Hayo ya pesa tuyaache hapo, mtayajua wenyewe.

Nimalizie na kitu ninachohangaika nacho wiki hii. Nina kibao cha bucha kule Kongowea: NYAMA YA NG’OMBE. Ile alama ya NG’ ni fitina. Wengi huiacha, ng’ombe akawa “ngombe”, na wateja hawalalamiki. Lakini mimi sikubali. Sauti hiyo ni yetu. Ukiiweka kawaida, neno linakatika vipande viwili, NG huku, OMBE kule. Nimejaribu kuiweka juu ya O, ikawa kama kofia. Jana usiku nikaishusha ndani ya mdomo wa G, pale palipo wazi, ndogo kama punje ya mchele, nyekundu. Mwenye bucha ameiona kwenye simu, akaniuliza kama ni damu.

Sijamjibu. Kesho asubuhi naenda na ngazi.