Wawili Katika Mtumbwi Mmoja
Mhadhara kwa waandishi wa hadithi, Mwanza

Mwadila! Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimesoma hadithi zenu zote mlizonitumia, na katika nyingi mtu anapigwa kabla sijafika ukurasa wa tatu. Tajiri wa mtumbwi anamzaba baharia wake makofi pale Mwaloni. Mama wa kambo anamwaga uji wa mtoto. Mume anarudi amelewa, anavunja sahani. Nikimuuliza mwandishi, "Mgogoro wa hadithi yako uko wapi?" ananionyesha sahani. Ndugu zangu, sahani ikivunjika tunafagia, tunanunua nyingine. Nimelisema hili miaka mingi na nitaendelea kulisema, maana sahani bado zinavunjika.

Najua mlikoyatoa haya. Kidato cha tatu na cha nne mlitakiwa kuorodhesha: mgogoro wa kiuchumi, wa kijamii, wa kisiasa, mgogoro nafsi. Mkapata alama zenu. Lakini orodha ile ni kisu cha mtu aliyeletewa samaki tayari, anampara mezani: hapa magamba, hapa matumbo, hapa bondo. Ninyi mko majini usiku, samaki bado hamjamwona. Kisu hicho kitawasaidia nini huko?

Tuchukue hadithi moja tuifanyie kazi hapa hapa. Mwenyewe yumo ukumbini, ameniruhusu. Kijana anavua kwa timba, ule wavu uliopigwa marufuku. Anakuja afisa wa doria, mkali, mla rushwa, anampiga, anachoma nyavu. Kijana analia ufukweni. Mwisho. Kiswahili chake kizuri, ziwa linaonekana. Nikamuuliza: afisa huyu akihamishiwa Kigoma kesho, akaletwa mwingine, hadithi yako itabadilika nini? Akafikiri. Akasema hakuna. Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Kijana na afisa hawadaiani kitu. Wamekutana kama abiria wawili ndani ya daladala, mmoja akamkanyaga mwenzake, kila mtu akashuka kituo chake.

Sasa tumtoe afisa. Mahali pake tumweke kaka yake kijana, na kaka huyu ni katibu wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi mwaloni. Alisimama mbele ya kijiji akasema timba haitashushwa kwenye mwalo wetu. Na alimaanisha. Ameshika rula, amepima sangara wasiofika sentimita 50, akaona wanavuliwa wangali wadogo. Anajua watoto wake watakuta maji matupu. Mtu huyu analipenda ziwa.

Mdogo wake anayo timba, ameificha chini ya magunia ya dagaa. Naye si mhuni. Mama yao anapelekwa kliniki Bugando kila baada ya wiki mbili, na nauli, vipimo na dawa vinatoka kwenye timba ile. Kaka mkubwa anajua. Hapa ndipo mnaporuka haraka, kwa hiyo narudia: anajua. Siku dawa ziliponunuliwa alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mama, akaona noti zinahesabiwa, akanyamaza.

Bado hakuna aliyeinua mkono, lakini mmeacha kupepea hizo karatasi zenu. Mnataka kujua itakuwaje. Kila mmoja ana haki yake, haki hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja, na wenye nyumba hawawezi kuhama. Ondoa haki ya mmoja, umebaki na kesi ya polisi. Wape njia ya kuachana, wataachana, nami nitafunga kitabu nikalale.

Kuna kijana aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kwani kaka hawezi kujiuzulu ukatibu?" Nilimshukuru, kwa sababu kazi yetu kubwa ni hiyo, kuzunguka nyumba tukifunga milango. Ajiuzulu? Kijiji kitauliza kwa nini, na atakayeshika nafasi yake hatamsitiri mdogo wake. Mdogo aache timba, arudi kwenye dagaa? Basi iweke hadithi kwenye mbalamwezi. Ninyi ni watu wa ziwa, sina haja ya kuwaeleza: mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepandishwa mchangani, mabaharia wanacheza bao, hakuna senti. Tarehe ya kliniki haingoji giza lirudi. Wauze mtumbwi? Aliuacha baba, ni wa wote wawili, na mmoja akikataa hauuziki. Ziwa limekupa kalenda bure, na wewe unaandika "siku moja" kana kwamba siku zote kwetu ni sawa!

Halafu mama. Nilipoanza kulitumia zoezi hili nilidhani mama hajui. Niliwaambia wanafunzi, mama asiambiwe, atakufa kwa uchungu. Akainuka dada mmoja, mwanika dagaa, akasema, "Mwalimu, huyo mama kazaliwa mwaloni. Anajua bei ya samaki, na bei ya dawa kaandikiwa kwenye risiti. Hesabu hiyo imshinde?" Usiku ule sikulala. Mama anajua! Kila asubuhi anameza kidonge ambacho siku moja kitamvunjia heshima mwanawe mkubwa mbele ya kijiji. Na kila jioni kaka akirudi, mama anamuuliza tu, "Mwanangu, kikao kimekwendaje?"

Lisomeni tena swali hilo. Mnasikia uzito wake? Hakuna tusi ndani yake, ni swali ambalo mama yeyote angeuliza. Lakini kaka atakaa mlangoni, avue viatu taratibu kuliko kawaida, aseme, "Kimekwenda salama, mama." Nipeni ukurasa mmoja kama huo, nitawaachia sahani zote za Mwanza mzivunje.

Mtaniambia msomaji wa leo ana haraka, anasoma kwenye simu, anataka ngumi. Mpeni, sikatazi. Siku mdogo atakapomkunja kaka yake shati, hiyo ngumi itafika, maana msomaji anajua ni ya shilingi ngapi. Watu wasiojuana wakipigana stendi ya Nyegezi umati unajaa, kweli. Basi likipiga honi kila mtu anapanda, na jioni nyumbani hakuna anayekumbuka nani alimpiga nani.

Mtaniambia pia wapo watu wabaya kwelikweli. Wapo, na wengine nimekutana nao. Lakini hata mla rushwa huyo ana jambo analowaeleza watoto wake akirudi usiku. Liandike. Kumpa sababu hakumfutii kosa. Kunamfanya awe mtu, na uovu unaotendwa na mtu unatisha kuliko wa zimwi.

Na msifikiri haya yametoka mbali. Mzee Aniceti Kitereza, hapo ng'ambo Ukerewe, alimaliza kuandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye. Mume na mke wanapendana, mtoto hakuna. Ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, mume anabaki na nyumba baridi na lazima aende ukweni kuomba. Jambazi yuko wapi hapo? Wakwe wana haki ya kulinda heshima ya binti yao, na mume ana haki ya kumpenda mkewe.

Neno kuhusu mahali, na hili linanisumbua sana siku hizi. Zamani ukitaka kuwafungia wahusika wawili pamoja ulikuwa unawapeleka Kigongo wangoje kivuko cha Busisi. Foleni ndefu, jua kali, muuza samaki wa kukaanga dirishani, watu wawili wasiosemeshana ndani ya gari moja. Waandishi wangapi tumekula kwa kivuko kile! Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3, unavuka kabla wimbo wa redio haujaisha. Ni baraka, wagonjwa wanafika hospitali. Lakini mwandishi aliyekuwa anategemea foleni imwekee watu pamoja sasa atafute kamba nyingine. Kamba zenye nguvu hazitegemei barabara: deni, mtoto, kaburi la baba, shamba lisilogawanywa, siri iliyofichwa na wawili. Anayedaiwa na dada yake anaweza kuvuka daraja mara kumi kwa siku, na deni linavuka naye.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumzia mgogoro wa mtu na nafsi yake, lakini mkimwelewa yule kaka kando ya kitanda mmeshaushika. Kuhusu mazungumzo: watu wenye jambo zito wanazungumzia chumvi. Kuhusu kumalizia: msiwapatanishe kwa sababu tu kurasa zimekwisha. Mtu akishinda, nionyesheni alichopoteza ili ashinde. Mengine tutaongea mwezi ujao.

Kazi ya nyumbani. Ukurasa mmoja, usizidi. Ni usiku wa mbalamwezi, ndugu wawili wanakula ugali na dagaa kwenye sinia moja. Mama amelala chumba cha pili, mlango uko wazi. Kesho kliniki. Neno "timba" lisitajwe hata mara moja, na asiinuke mtu kabla ugali haujaisha. Anzeni kwa yule anayenawa kwanza.