Kadi ya mlango inayomjibu kila mtu

HALIMA: Karibuni tena wapendwa, tuko hapa Kampala na mwenzangu Fundi Swaibu. Kaka, wiki iliyopita nilipoteza kadi ya ofisini, nikaazima ya mwenzangu nikaenda mjini kwa jamaa wa kuchonga funguo, akaiweka juu ya kidude kama rimoti, pii, akaweka kadi tupu, pii tena, basi. Chai yangu bado ya moto! Nikarudi mlango ukafunguka, lakini usiku sikulala vizuri, manake kama mimi nimeweza, mwizi je?

SWAIBU: Dada yangu, hiyo ni kadi ya kilohezi 125, yaani masafa ya redio inayotumia kuongea na mlango. Haina betri, inapata umeme kutoka kwa rida, kile kifaa cha mlangoni kinachosoma kadi, na ikishaupata inataja namba yake, ileile kila siku, kwa yeyote atakayeuliza. Haijui kama anayeuliza ni mlango au ni mwizi aliyekupita karibu kwenye ngazi.

HALIMA: Na ile kadi ya enkripsheni, inayoficha mazungumzo yake kwa ufunguo wa siri?

SWAIBU: Kadi hiyo, rida inaitupia swali, namba ya kubahatisha tu, kadi inaichanganya na ufunguo uliofichwa ndani inarudisha jibu. Kesho swali jingine, jibu jingine, kwa hiyo aliyenasa la leo hana kitu. Ila usidanganywe na neno enkripsheni peke yake. Kuna kadi inaitwa MIFARE Classic, ilitoka 1994 na enkripsheni yake inaitwa Crypto1, ufunguo wa biti 48, mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Uholanzi wakaonyesha inavyovunjwa, NXP, kampuni yenye kadi hiyo, wakaenda mahakamani kuwazuia wasichapishe, wakashindwa. Na hadi leo watu wanauziwa! Mimi nasema chukueni kadi za DESFire EV2 au EV3, zenye enkripsheni ya AES, ufunguo wa biti 128.

HALIMA: Lakini ni ghali.

SWAIBU: Ghali ndiyo, na hapo ndipo panaponiuma. Kuna landilodi mmoja Ntinda alinunua DESFire za jengo zima, pesa nzuri kabisa, halafu aliyefunga rida akaziacha zisome namba ya siriali tu. Sasa siriali kadi inaitoa mwanzoni kabisa, kabla ya ufunguo wowote kuulizwa, yaani mzee wa watu alilipia kufuli akapewa komeo. Kumwambia ilikuwa kazi ngumu jamani.

HALIMA: Uligunduaje?

SWAIBU: Nilichukua kadi yangu ya benki, hii ya kugusisha, nikaigusisha pale mlangoni. Mlango haukufunguka, sawa, lakini kwenye kompyuta ya askari ikatokea namba yake ya siriali, na mfumo ukauliza kama niisajili. Rida inayodai ufunguo isingekubali kadi ya benki hata kidogo.

HALIMA: Sisi tuna kadi kama mia mbili hivi, tutupe zote?

SWAIBU: Hapana, anzeni na rida zinazosoma aina zote mbili, mgawe kadi mpya pole pole, ofisi baada ya ofisi, halafu siku mkimaliza mzime usomaji wa zile za zamani. Wengi hiyo ya kuzima wanaisahau na mlango unabaki wazi kwa kadi za yule jamaa wa mjini. Na funguo za siri za mfumo ziandikwe kwenye mkataba kwamba ni mali ya jengo, la sivyo fundi akihama anaondoka nazo, na nyinyi mmekwama.

HALIMA: Basi kesho asubuhi nakwenda na kadi ya benki, nitasimama na askari pale kwenye kompyuta, nitakupigia.