Kupiga muziki kwenye Silicon Graphics Indy ya mwaka 1993

Karibuni. Hili sanduku la buluu mezani ni Indy, kompyuta ya kazi ya Silicon Graphics iliyotoka mwaka 1993. Leo itatupigia taarabu.

Naiwasha. Sikiliza... Mmeusikia huo muziki mfupi? Ndiyo salamu yake ya kuwaka, na ukiusikia ujue upande wa sauti ni mzima. Hivi vitufe hapa mbele ni vya kupandisha na kushusha sauti. Spika ya ndani ni ndogo, tuiache. Chukua waya wa pini ya milimita 3.5, chomeka nyuma kwenye tundu la hedifoni, ncha ya pili iende kwenye amplifaya.

Sasa, wengi hukimbilia kutafuta programu ya MP3. Nami nilianza huko huko. Indy yangu ina prosesa ya R4600 ya megahetsi 100, na kufumbua MP3 ni hesabu nzito: nikisogeza dirisha tu, wimbo unakatika. Ukiipa mpg123, programu ya kupiga MP3, chaguo la -m na -2 mzigo unapungua, lakini stereo inakwenda na sauti za juu zinakwenda nayo. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, na matari yanasikika kama yamefunikwa shuka. Hapana, mashine hii haistahili hivyo! Sauti yake ni biti 16, stereo, hadi kilohetsi 48, na CD yenyewe ni 44.1 tu. Kinachoishinda ni kufumbua, kupiga inaweza sana. Kwa hiyo kufumbua tuiachie kompyuta mpya.

Kwenye kompyuta mpya, kwa programu ya ffmpeg inayogeuza faili za sauti, andika:

ffmpeg -i wimbo.mp3 -vn -ar 44100 -ac 2 wimbo.aiff

Hiyo -vn inaiacha picha ya jalada. Faili ya AIFF haijabanwa, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 unafika megabaiti 42 hivi. Kwenye Indy angalia kwanza nafasi ya diski kwa df -k.

Unganisha kompyuta mbili hizi kwa waya wa mtandao, moja kwa moja. Tafadhali sana, usiiunganishe Indy na intaneti: mfumo wake, IRIX, ulikuja na akaunti zisizo na nywila, mojawapo ni lp, na mtu yeyote ataingia. Ukiwa root, yaani akaunti ya msimamizi, ipe anwani:

ifconfig ec0 192.168.5.2 netmask 255.255.255.0

Kompyuta mpya ipe 192.168.5.1. Ikiwa Indy inalalamika kuhusu anwani ya Ethernet yenye ff tupu, betri iliyo ndani ya chipu ya saa imekufa. Chipu hiyo ndiyo inayotunza anwani, itabidi ibadilishwe.

Kutoka kompyuta mpya, andika ftp 192.168.5.2, uingie kwa jina lako la kwenye Indy. Kisha bin. Usiiruke bin, faili isije ikaharibika njiani ukasikia mkwaruzo mtupu. Halafu put wimbo.aiff. Mtandao wake ni wa megabiti 10, subiri dakika moja hivi.

Sasa rudi kwenye Indy:

sfplay wimbo.aiff

Sikiliza kanuni hiyo, kila uzi uko mahali pake. Hapa pembeni nimefungua gr_osview, inayoonyesha mzigo wa prosesa: karibu imelala. Nasogeza dirisha... nasogeza tena. Haukatiki.