Huyu Chamcha Anazungumzia Nini?

Asante mwenyekiti. Waliokwisha kunisikia mnajua nitaanzia wapi, basi nivumilieni tena.

Ilikuwa semina ya siku mbili. Ratiba imechapwa kwenye karatasi nzito, na katikati ya siku ya kwanza kuna mstari uliokolezwa wino: Saa 7:00 – 8:00, Chamcha. Pembeni yangu ameketi mzee mmoja mstaafu, Kiswahili amezaliwa nacho. Akawa anashusha kalamu mstari kwa mstari. Juu ya Chamcha kuna jina la mtoa mada, chini yake kuna jina la mtoa mada. Akaniinamia: “Mwalimu, huyu Chamcha anazungumzia nini?” Nikamwambia, mzee wangu, huyo hazungumzi, huyo analiwa. Akavua miwani, akanitazama. Nikamfafanulia: cha-m-cha, chakula cha mchana. Akairudia ile karatasi, akasema, “Sasa kilichowashinda kuandika hivyo ni nini?”

Bado sijamaliza. Saa saba ilipogonga, mshereheshaji, ambaye ndiye aliyeiandaa ratiba ile kwa mkono wake, alishika kipaza sauti: “Ndugu washiriki, tunakwenda kupata chakula cha mchana.” Chamcha ameliacha kwenye karatasi! Yeye mwenyewe hakuwa nalo mdomoni.

Sina ugomvi na chamcha, msininukuu vibaya. Mwanafunzi wa Kenya amelikariri pamoja na staftahi ya asubuhi na chajio, chakula cha jioni, na mtihani ukiuliza atajibu. Ninachokikataa ni ile sababu tunayopewa kila siku: eti Kiswahili hakina neno la mlo wa mchana, kina maelezo tu, kwa hiyo tuchague, ama tukope “lanchi” ama tukate silabi tuunde kitu. Hoja hii imenichosha.

Hebu litazameni neno chakula lenyewe. Ni cha, na kula. Kitu cha kula. “Kitu” kimedondoka njiani, kilichobaki kikaungana, na leo kina wingi wake, vyakula, wala hakuna anayekumbuka kwamba yalikuwa maelezo. Sasa kwa nini maelezo yawe aibu yakifika kwenye mchana? Wajerumani wanasema Mittagessen, yaani mlo wa adhuhuri. Wameyabana tu maneno yasiwe na nafasi katikati. Wajapani wana asagohan, hirugohan na bangohan: wali wa asubuhi, wali wa mchana, wali wa usiku. Sijasikia Mjapani akilia kwamba lugha yake ina njaa ya msamiati.

Najua kuna mtu anasema moyoni, “Lakini mwalimu, neno moja halichanganyi watu.” Halichanganyi? Waulizeni Wafaransa. Déjeuner na dîner zote mbili zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kilatini wenye maana ya kuvunja mfungo. Yote mawili ni kifungua kinywa! Kimoja kikasogea mchana, kingine kikasogea usiku, asubuhi ikabaki tupu, ikabidi watengeneze petit déjeuner, “déjeuner ndogo”. Na si Wafaransa tu. Ukialikwa dîner kule Québec inaweza kuwa saa sita mchana. Dinner ya Kiingereza ni ndugu yao yuleyule. Na hiyo lunch mnayoitamani, zamani ilikuwa jina la kipande kinene cha chakula, si la wakati wo wote. Chakula cha mchana kimekaa pale pale mchana, hakijamhangaisha mtu.

Kinachochanganya ni tafsiri. Kadi inasema “chakula cha jioni, saa 2:00 usiku”. Jioni gani hiyo ya saa mbili usiku? Mwandishi alikuwa na neno la Kiingereza kichwani, akalitafutia nguo. Mtu wa kawaida angeandika chakula cha usiku akalala salama.

Asubuhi nitaipita haraka, ingawa ndiyo tajiri kuliko zote. Staftahi asili yake ni Kiarabu, mzizi wake ndio ule wa Fatiha, kufungua. Kifungua kinywa, kufungua. Kiamshakinywa, huko mdomo ulikuwa umelala. Lakini mezani tunaulizana nini? “Umekunywa chai?” Na aliyekula viazi na maji atajibu ndiyo, nimekunywa. Halafu kuna mwiku, chakula kilicholala kikaliwa asubuhi, neno ambalo vijana hawalijui tena. Wanajua kiporo, tena wengi kwa ajili ya mpira, mechi za viporo.

Futari na daku nilikuwa nimeziandalia kurasa mbili. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo tuziache.

Nisiloweza kuliacha ni hili. Wanaohesabu majina ya milo wanasahau kuhesabu majina ya kuikosa. Kiswahili kinatenganisha: aliyekosa mchana ameshinda njaa, aliyekosa usiku amelala njaa. Huwezi kuvibadilishana. Ukimwambia jirani “watoto wamelala njaa”, anajua ni mlo upi uliokosekana bila wewe kuutaja, na anajua asubuhi hii unahitaji nini. Wanafunzi wa vyuo Tanzania wakaongeza za kwao: kupiga deshi, kupiga pasi ndefu, mpira unatoka asubuhi unatua usiku, mchana umerukwa hewani. Hayo hakuna kamati iliyoketi kuyaunda, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake kwenye ratiba.

Nilikuwa na swali pia kuhusu mlinzi wa usiku: anarudi nyumbani saa moja asubuhi, anapakuliwa sahani kamili, analala. Mlo ule ni upi? Mkewe nilimsikia akisema tu, “Njoo ule.” Haya, mwenyekiti, maswali.