Chuo kilipowaambia wafanyakazi warudishe funguo

HAMISI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu popote mlipo. Mimi Hamisi, niko Dar es Salaam, na dada Neema yuko nami kutoka Chicago. Dada, shikamoo kwanza.

NEEMA: Marahaba, kaka. Mvua huko?

HAMISI: Tangu jana usiku. Dada, wiki iliyopita tulipomaliza kurekodi ulinidokezea jambo, likanikaa kichwani. Ulisema jimbo lenu la Illinois liliwahi kukaa miaka miwili bila bajeti. Nikasema labda sijasikia vizuri.

NEEMA: Ulisikia vizuri. Kuanzia tarehe 1 Julai 2015 hadi tarehe 6 Julai 2017. Siku 736. Wala sikusimulii ya kuambiwa, mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha umma hapa hapa. Jina la chuo naomba nisilitaje.

HAMISI: Sawa kabisa. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini?

NEEMA: Gavana Bruce Rauner, wa chama cha Republican, aliingia madarakani Januari 2015. Bunge la jimbo lilikuwa mikononi mwa Democrats, chama pinzani kwake, na spika alikuwa Michael Madigan, mtu aliyekalia kiti hicho tangu 1983, ukiondoa miaka miwili tu katikati. Rauner akasema hakubali kodi ipande mpaka bunge limpitishie mageuzi yake: nguvu za vyama vya wafanyakazi zipunguzwe, wanasiasa wawekewe ukomo wa vipindi, kodi ya majengo isipande. Madigan akasema hayo hayana uhusiano na bajeti. Na wakati huohuo kodi ya mapato ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 5 hadi 3.75, kwa sababu sheria iliyoipandisha ilikuwa imeisha muda wake. Kwa hiyo hazina inapungua, na wenye funguo za hazina hawasemezani.

HAMISI: Sasa hapo ndipo ninapokwama. Serikali bila bajeti si ingefungwa? Watu wangejaa barabarani wiki ya kwanza tu.

NEEMA: Haikufungwa, kaka, na hilo ndilo lililotuumiza. Shule za msingi na sekondari, gavana alisaini fungu lao mapema. Watumishi wa jimbo, mahakama iliamuru walipwe mishahara. Matibabu ya watu wa kipato cha chini yalilindwa na amri za mahakama. Madeni ya hatifungani yanalipwa kwa sheria ya kudumu. Mwananchi wa kawaida anaamka, mtoto anakwenda shule, polisi wapo barabarani, leseni ya gari anapata. Haoni tatizo liko wapi. Waliobaki bila mlinzi ni wawili: mashirika yanayohudumia wazee, walemavu na wanawake waliokimbia vipigo nyumbani, na vyuo vikuu vya umma. Hakuna hakimu aliyesema chuo kilipwe.

HAMISI: Kwa hiyo kama shule za watoto zingefungwa Septemba ile ya kwanza...

NEEMA: Bajeti ingepita kabla ya Oktoba. Hilo ninaliamini kwa moyo wangu wote. Mzazi wa mtoto wa darasa la pili hanyamazi. Mwanafunzi wa chuo ana miaka ishirini, anafanya kazi za usiku, kura yenyewe kajiandikisha kwa wazazi wake mji mwingine. Nani atamwogopa?

HAMISI: Na wanafunzi wenyewe walikuwa wanasomaje?

NEEMA: Kuna ruzuku ya jimbo inaitwa MAP, kwa wanafunzi wa kipato cha chini. Ni watu kama 130,000. Barua walikuwa nazo mkononi zinazosema umepewa kiasi fulani, fedha hazikuja. Vyuo vingi vikaamua kuwakopesha, yaani chuo kinajilipa chenyewe deni la serikali. Chenye akiba kikaweza. Chuo Kikuu cha Illinois, kile kikubwa cha Urbana-Champaign, unajua tena, jungu kuu halikosi ukoko. Lakini nenda Chicago State.

HAMISI: Hicho ndicho cha funguo?

NEEMA: Ndicho. Kiko kusini mwa jiji, mtaa wa 95. Kilianza 1867 kama chuo cha ualimu, na wanafunzi wake wengi ni Wamarekani weusi, wengine mama wa watoto watatu anayerudi darasani akiwa na miaka thelathini na tano. Karibu theluthi ya bajeti yake ilitegemea jimbo. Februari 2016 bodi ikatangaza hali ya dharura ya kifedha. Likizo ya majira ya kuchipua ikafutwa ili muhula uishe mapema, Aprili, kabla fedha hazijakata kabisa. Kisha likaja tangazo kwa wafanyakazi wote, watu kama 900: rudisheni funguo zenu za ofisi.

HAMISI: Wote?

NEEMA: Wote. Mimi nilikuwa na rafiki anayesoma pale. Aliniambia alimkuta mwalimu wake amesimama nje ya ofisi yake mwenyewe, anahesabu funguo kwenye kiganja. Ya mlango, ya kabati, ya maabara. Mwalimu anajua vitabu vyake viko upande wa pili wa ule mlango.

HAMISI: Aisee.

NEEMA: Mwishoni mwa Aprili bunge likapitisha fedha za kuziba pengo, dola milioni 600 kwa elimu ya juu yote ya jimbo. Chicago State wakapata milioni 20 na kitu. Siku chache baadaye wakaachisha kazi watu karibu 300. Na Septemba ile walipohesabu wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza wanaosoma muda wote, walikuwa 86.

HAMISI: Themanini na sita? Chuo kikuu?

NEEMA: Themanini na sita. Shule moja ya sekondari ya kata huko kwenu inawazidi. Na usiwalaumu waliokwenda kwingine. Umeona kwenye televisheni chuo kinanyang'anya walimu funguo, wewe utampeleka mwanao?

HAMISI: Sasa dada, tuje kwenye michezo, maana wasikilizaji wetu wengi wana ndugu waliokwenda huko kwa miguu yao, kwa kukimbia. Mimi ningekuwa mkuu wa chuo kama hicho, kitu cha kwanza ningefuta timu. Huwezi kumfukuza mwalimu wa hesabu ukabaki na timu ya kikapu.

NEEMA: Ndivyo nilivyofikiri na mimi mwanzoni. Chicago State wakati ule walikuwa kwenye ligi moja na vyuo vya Seattle, Arizona na mpakani kabisa mwa Texas. Timu inapanda ndege, nyumbani watu wanarudisha funguo. Ukiitazama hivyo inauma. Lakini hesabu yake si nyepesi. Kwanza, NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, linataka chuo cha daraja la kwanza kiwe na angalau timu 14. Ukishuka chini ya hapo unatoka daraja lote, si timu moja. Pili, na hili watu hawalijui, wanamichezo wengi wanalipa ada.

HAMISI: Si wana ufadhili?

NEEMA: Wa kikapu na wa mpira wa Kimarekani, ndiyo, wengi wao kamili. Chukua tenisi ya wanaume. Enzi hizo chuo kiliruhusiwa kutoa ufadhili wa watu wanne na nusu tu, na unagawanywa kwa timu nzima. Timu ina vijana wanane, tisa. Mmoja kapata nusu ya ada, mwingine robo, mwingine vitabu tu. Kinachobaki wanalipa wazazi: ada, bweni, chakula. Ukifuta timu umeokoa mshahara wa kocha na mafuta ya basi, lakini wale vijana walikuja kwa sababu ya tenisi. Wanaondoka na ada zao.

HAMISI: Kwa hiyo unaweza kufuta timu ukazidi kuwa maskini.

NEEMA: Unaweza. Na bado wengine walilazimika. Southern Illinois, chuo cha Carbondale kusini mwa jimbo, mwanzoni mwa 2017 kilitangaza kufuta tenisi, ya wanaume na ya wanawake. Eastern Illinois, kule alikosoma Tony Romo kabla hajawa nyota wa Dallas Cowboys, timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, waliachisha kazi zaidi ya watu 170 katika mji mdogo wa Charleston ambao ukiondoa chuo hubaki na mashamba ya mahindi. Mtu akipoteza kazi pale hahamii ofisi ya jirani, anahama mji.

HAMISI: Na wale wakubwa, Urbana-Champaign?

NEEMA: Machi 2016, katikati ya dhiki hiyo, walimwajiri Lovie Smith, aliyekuwa kocha wa Chicago Bears, timu ya kulipwa ya jiji letu, awe kocha wao wa mpira wa Kimarekani. Mkataba wa miaka sita, dola milioni 21.

HAMISI: Milioni ishirini na moja? Chicago State wote si walipewa ishirini?

NEEMA: Ishirini na kidogo. Nami siku ile nililia, kaka, sikufichi. Baadaye nikaelewa kwamba fedha zile hazikutoka kwa mlipa kodi. Urbana wako kwenye ligi ya Big Ten, na ligi hiyo inauza haki za televisheni kwa fedha nyingi sana. Idara yao ya michezo inajitegemea. Kisheria hakuna kosa. Lakini mtu wa kawaida haoni mifuko miwili, anaona jimbo moja. Mbunge kule Springfield, makao makuu ya jimbo, akitafuta sababu ya kutokutoa fedha anasema, "Si mmeona kocha analipwa ngapi?" Na anayeadhibiwa kwa neno hilo ni chuo kidogo ambacho televisheni haijawahi kukanyaga.

HAMISI: Kijana wa Iten au Arusha anayepata barua ya ufadhili sasa, haya anayajuaje?

NEEMA: Hayajui. Kocha anamwambia habari za njia ya kukimbilia na hali ya hewa. Mimi ningetaka aulize: timu hii inaendeshwa kwa fedha za nani? Kama ni za chuo na ada za wanafunzi, basi bajeti ya jimbo inamhusu yeye na visa yake, kwa sababu visa ya mwanafunzi inakutaka uwe umesajiliwa masomo kamili. Timu ikifutwa una miezi michache ya kutafuta kocha mwingine, chuo kingine, karatasi nyingine, na mama nyumbani anajua mwanangu yuko salama Marekani.

HAMISI: Iliishaje?

NEEMA: Tarehe 6 Julai 2017 bunge lilipangua kura ya turufu ya gavana, na baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe wakaungana na Democrats. Kodi ya mapato ikawa asilimia 4.95. Jimbo lilikuwa na bili zisizolipwa za zaidi ya dola bilioni 14. Vyuo vikapewa fungu, pungufu kwa asilimia kumi kuliko lile la kabla ya mkwamo. Mwaka uliofuata Rauner akashindwa uchaguzi na J.B. Pritzker.

HAMISI: Na vijana walioondoka walirudi?

NEEMA: Mwaka ule wa 2017, katika wahitimu wa sekondari za umma za Illinois waliokwenda vyuo vya miaka minne, karibu nusu walikwenda nje ya jimbo. Wachache hurudi, maana mtu akimaliza hupata kazi hukohuko. Niliishi chumba kimoja na msichana mruka chini, wa mji mmoja hapa Illinois. Mwaka wa pili wa mkwamo timu yao iliacha kulala hoteli. Walikuwa wanaondoka saa kumi usiku na basi, wanafika uwanjani asubuhi, wanaruka, wanarudi siku hiyohiyo. Mimi namsikia gizani anapaka mkate siagi ya karanga, vipande sita, anavifunga kwenye karatasi. Vinne vya kwake, viwili vya mwenzake ambaye ruzuku yake haikuja. Mei akaniambia amepata chuo Iowa. Akafunga mizigo siku moja. Viatu vyake vya misumari alivisahau chini ya kitanda, nikamtumia kwa posta.